Sydney Brenner na mnyoo wa milimita moja: kwa nini ushawishi wa mtafiti hauonekani katika orodha ya machapisho yake

Mwaka 2002 Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba ilitolewa kwa watu watatu, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, kwa kazi iliyoeleza jinsi jeni zinavyoongoza ukuaji wa viungo na jinsi mwili unavyoziua baadhi ya seli zake kwa utaratibu uliopangwa. Msomaji akizifuatilia makala zilizobeba uzito wa ugunduzi huo wa vifo vya seli, atakuta kwamba ile ya 1977 iliandikwa na Sulston na Horvitz, ile ya 1983 na Sulston pamoja na wenzake watatu, na ile ya 1986 na Hilary Ellis akiwa na Horvitz. Jina la Brenner halimo hata katika moja. Pamoja na hayo, ni vigumu kumpata mtaalamu wa fani hiyo atakayedai kwamba mzee huyo alipewa tuzo asiyostahili, kwa kuwa wote wanajua kwamba mnyoo uliochunguzwa, mbinu za kuuchunguza na swali lenyewe vilitoka kwake.

Jambo hilo linaleta utata kwa yeyote anayetaka kupima mchango wa mwanasayansi. Kipimo kinachotumika sana siku hizi ni idadi ya mara ambazo makala za mtafiti zimetajwa na watafiti wengine, na kipimo maarufu kilichojengwa juu ya hesabu hiyo ni faharisi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye faharisi ya 30 ni yule mwenye makala 30 ambazo kila moja imetajwa walau mara 30. Hesabu hii ina manufaa yake, lakini ina mapengo mawili ambayo maisha ya Brenner yanayaonyesha waziwazi. Kwanza, haimhesabii mtu kazi ambayo hakuweka jina lake. Pili, ugunduzi ukishazoeleka kiasi cha kuingia katika vitabu vya shule, watu huacha kumtaja aliyeugundua, jambo ambalo mwanasosholojia Robert Merton alilieleza zamani. Nani leo anayemtaja mtu anapoandika kwamba RNA mjumbe hupeleka maelekezo ya jeni kwenye ribosomu, mashine za seli zinazotengeneza protini? Ni sawa na kumtaja mtu kwa kusema kwamba damu huzunguka mwilini.

Brenner alizaliwa tarehe 13 Januari 1927 huko Germiston, Afrika Kusini, katika familia ya Kiyahudi iliyohamia kutoka Ulaya Mashariki. Baba yake alikuwa fundi viatu asiyejua kusoma wala kuandika, na mtoto alifundishwa kusoma na jirani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg akiwa na umri wa miaka 15 ili asomee udaktari, na kwa kuwa angemaliza akiwa mdogo mno kuruhusiwa kutibu watu, alitumia miaka ya katikati kusomea anatomia na fiziolojia, akapata na shahada ya uzamili. Udaktari aliumaliza mwaka 1951, lakini moyo wake ulikuwa umeshahamia ndani ya seli. Mwaka 1952 alikwenda Oxford kufanya uzamivu kuhusu virusi vinavyoshambulia bakteria, chini ya Cyril Hinshelwood.

Aprili 1953 yeye na wenzake wachache walisafiri kwa gari kutoka Oxford hadi Cambridge kuitazama sanamu ya DNA ambayo Francis Crick na James Watson walikuwa wameiunda. Brenner alieleza mara nyingi baadaye kwamba siku ile aliona njia ya kufuata. Ikiwa urithi umeandikwa kwa mpangilio wa besi nne, yaani vijenzi vinne vya kikemikali vinavyotumika kama herufi, katika uzi mrefu, basi kazi iliyobaki ilikuwa kujua maandishi hayo yanasomwaje. Baada ya kurudi Afrika Kusini kwa muda, aliitwa na Crick, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 1956 alifanya kazi Cambridge, chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wawili hao walitumia ofisi moja kwa takriban miaka 20.

Pigo lake la kwanza lilikuwa la kalamu na karatasi tu. Protini hutengenezwa kwa asidi amino za aina 20, ilhali DNA ina besi nne, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba besi tatu tatu ndizo zinazoamua asidi amino moja, kwani 4 mara 4 mara 4 hutoa michanganyiko 64 inayotosha. Baadhi ya watu walipendekeza kwamba mafungu hayo ya besi tatu hupishana, yaani besi moja inashirikiwa na mafungu jirani. Mwaka 1957 Brenner alikusanya jozi za asidi amino zilizokwishajulikana kukaa bega kwa bega katika protini, akahesabu ni mafungu mangapi yangehitajika kama kupishana kungekuwa kweli, akapata walau 70. Mafungu yaliyopo ni 64 tu. Nadharia ikafa pale pale, bila hata tone moja la kemikali kutumika.

Kisha likaja suala la RNA mjumbe, ambalo linafaa kutazamwa kwa karibu. Wakati huo ilifahamika kwamba protini hutengenezwa kwenye ribosomu, na wengi waliamini kwamba kila ribosomu hubeba ndani yake maelekezo ya protini moja. Ijumaa Kuu ya mwaka 1960, katika vyumba vya Brenner katika Chuo cha King's, Cambridge, Mfaransa François Jacob alieleza matokeo mapya ya Paris, yaliyoonyesha kwamba jeni ikiingia katika bakteria, protini yake huanza kutengenezwa karibu papo hapo, na jeni ikiondolewa utengenezaji hukoma upesi. Brenner na Crick walirukia wazo lile lile kwa wakati mmoja. Walikumbuka RNA ya ajabu ambayo Elliot Volkin na Lazarus Astrachan walikuwa wameiona mwaka 1956, inayotokea mara tu virusi vinapovamia bakteria na kuharibika baada ya muda mfupi. Hiyo, walisema, ndiyo iliyobeba ujumbe, na ribosomu ni mashine tu ya kusoma, isiyojali ujumbe umetoka wapi.

Wazo zuri bila jaribio ni gumzo tu. Mwezi Juni mwaka huo Brenner na Jacob walikwenda Pasadena, California, kwa Matthew Meselson, aliyekuwa na ustadi wa kutenganisha vitu kwa uzito wao katika mmumunyo mzito wa chumvi ya sesiamu unaozungushwa kwa kasi kubwa. Mpango ulikuwa kuwakuza bakteria katika chakula chenye kaboni na naitrojeni nzito ili ribosomu zao ziwe nzito, kisha kuwahamishia katika chakula cha kawaida na hapo hapo kuwapandikiza virusi. Ikiwa virusi huleta ribosomu mpya zenye maelekezo yake, basi RNA ya virusi ingekutwa kwenye ribosomu nyepesi. Ikiwa virusi huleta mjumbe tu, RNA hiyo ingekutwa imeshikana na ribosomu nzito za zamani. Majaribio yalishindikana moja baada ya jingine, kwani ribosomu zilisambaratika ndani ya mmumunyo, na siku za kukaa Marekani zilikuwa zinakwisha. Walipokuwa wameketi ufukweni wamekata tamaa, Brenner aliruka ghafla na kupiga kelele kwamba tatizo ni magnesi. Ribosomu hushikamana kwa msaada wa magnesi, na sesiamu iliyojaa katika mmumunyo ilikuwa inaisukuma magnesi hiyo nje. Walirudi maabara, wakaongeza magnesi kwa wingi, na RNA mpya ikaonekana juu ya ribosomu za zamani. Makala yao ilitoka Mei 1961.

Mwaka huo huo kundi la Cambridge lilithibitisha kwamba maandishi ya jeni husomwa kwa mafungu ya tatu tatu, kuanzia mahali maalumu, bila alama ya kutenganisha fungu na fungu. Walitumia kemikali inayoweza kuongeza au kupunguza besi moja katika DNA ya kirusi kiitwacho T4. Mantiki yao hueleweka kwa sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu: MTU ANA YAI LEO HII. Ukichomeka herufi moja baada ya neno la kwanza huku ukiendelea kusoma tatu tatu, unapata MTU KAN AYA ILE OHI I, na kila kitu baada ya kosa kimepotea maana. Ukichomeka moja na kisha ukaondoa nyingine mbele kidogo, unapata MTU KAN AYI LEO HII, yaani uharibifu umebanwa katikati na mwisho umepona. Swali kuu lilikuwa ni makosa mangapi ya aina moja yanayorejesha usomaji. Mawili hayakutosha, matatu yalitosha: MTU KAN AKY AIK LEO HII. Katika sahani ya maabara jibu lilionekana kwa macho, kwa sababu kirusi chenye jeni iliyopona kilitoboa vidoa angavu katika utando wa bakteria ambao kirusi kilichoharibika hakikuweza kuugusa. Kwa kuchezesha vidoa hivyo tu, bila kusoma moja kwa moja besi hata moja, watu hao walijua kwamba fungu ni la besi tatu. Fungu hilo leo linaitwa kodoni, jina alilolitunga Brenner. Mwaka 1965 yeye na wenzake walibainisha kodoni mbili zinazoamuru utengenezaji wa protini usimame, UAG na UAA, na miaka miwili baadaye wakaongeza ya tatu, UGA.

Mtu mwingine angetulia hapo na kuvuna. Kwa kazi hizo peke yake Brenner angeweza kupata Nobel, na kwa maoni yangu ilimpasa kuipata. Tuzo ya 1965 ilikwenda kwa Jacob na wenzake wawili wa Paris, na ile ya 1968 kwa waliosoma maana ya kila kodoni, naye akabaki nje. Lakini tayari mawazo yake yalikuwa kwingine. Tarehe 5 Juni 1963 alimwandikia Max Perutz, mkuu wa maabara, barua fupi iliyosema kwamba karibu matatizo yote ya asili ya biolojia ya molekuli yamekwishatatuliwa au yatatatuliwa katika muongo unaofuata, na kwamba mustakabali uko katika ukuaji wa mwili na mfumo wa neva. Ili kufika huko, alitaka mnyama mdogo, mwenye seli chache, anayezaliana haraka na anayeweza kuhesabiwa seli moja moja.

Mwanzoni alitaja spishi jirani, kisha akahamia Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongoni wenye urefu wa milimita moja. Aina aliyoitumia ilitokana na mboji ya uyoga kutoka Bristol. Sababu za kuuchagua zinastahili kuelezwa, kwani humo ndimo akili yake ya utafiti inapoonekana. Mnyoo huu hula bakteria kwenye sahani, hukamilisha mzunguko wa maisha kwa takriban siku tatu, na ngozi yake hupitisha mwanga, kwa hiyo seli zake huonekana kwa hadubini akiwa hai. Wengi wao ni huntha wanaojirutubisha wenyewe, kila mmoja akizaa watoto wapatao 300, na madume wachache hupatikana kwa ajili ya kuchanganya koo. Faida ya kujirutubisha huonekana pale jeni inapoharibiwa, kwani mnyoo uliopooza kabisa, ambao katika spishi nyingine usingeweza kumfikia mwenza, bado huzaa watoto wenye kasoro ile ile. Kwa mtu anayetafuta jeni za mfumo wa neva, hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Tena minyoo hii hugandishwa ikahifadhiwa kwa miaka, kisha ikayeyushwa ikaendelea kuishi.

Kutoka barua ile hadi makala kuu ya kwanza ya minyoo ilipita miaka 11. Mwaka 1974 Brenner, akiwa mwandishi pekee, alieleza minyoo takriban 300 yenye mabadiliko ya kijeni na jeni kama 100, ambazo 77 kati yake ziliathiri jinsi mnyoo unavyojongea. Katika mfumo wa leo wa ufadhili, unaodai ripoti na machapisho kila baada ya muda mfupi, sidhani kama mradi huo ungefika mwaka wa tano. Maabara ya Cambridge ilimwachia, na uvumilivu huo wa taasisi ni sehemu ya hadithi ambayo wasifu wa watafiti huisahau mara nyingi.

Yaliyofuata yalifanywa kwa sehemu kubwa na wengine. Sulston, aliyekuja mwaka 1969, alitazama kiinitete hai kikigawanyika chini ya hadubini, kwa vipindi viwili vya saa nne kila siku kwa mwaka mmoja na nusu, hadi akachora ukoo wa kila seli kutoka yai hadi mnyoo mzima. Ukoo huo ulionyesha kwamba huntha hutengeneza seli za mwili 1,090, na 131 kati yake hufa, daima zile zile na kwa wakati ule ule, zikabaki 959. Kifo kinachotokea kwa ratiba namna hiyo lazima kiwe na jeni zinazokiamuru, na Horvitz, aliyekuwa amehamia Marekani, alizipata. Jeni zinazofanana nazo zipo kwa binadamu, na kuvurugika kwa mfumo huo kunahusika na saratani, ambamo seli zilizopaswa kufa hukataa kufa. Wakati huo John White, Eileen Southgate na Nichol Thomson, safari hii pamoja na Brenner, walikata mnyoo vipande vyembamba mno, wakavipiga picha kwa hadubini ya elektroni na kufuatilia kila uzi wa neva. Mwaka 1986 walichapisha ramani ya neuroni, yaani seli za neva, zote 302 katika makala ya kurasa zipatazo 340.

Ukiendelea kufuata uzi huo unakutana na tuzo nyingine. Martin Chalfie, aliyekuwa mtafiti katika kundi la Brenner, alionyesha mwaka 1994 kwamba protini inayong'aa kijani inaweza kuwashwa ndani ya neuroni za mnyoo, na mwaka 2008 akashiriki Nobel ya Kemia. Andrew Fire, naye aliyepitia kundi hilo, aligundua pamoja na Craig Mello mwaka 1998 kwamba RNA ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni, nao wakatuzwa mwaka 2006. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliofunzwa na Horvitz, walifichua RNA ndogo mno zinazodhibiti jeni nyingine, wakatuzwa mwaka 2024. Mwaka 1998 mnyoo huo huo ulikuwa mnyama wa kwanza kusomwa jenomu yake, yaani DNA yake yote, kazi iliyoongozwa na Sulston pamoja na Robert Waterston, mtafiti mwingine aliyepitia Cambridge, na kazi hiyo ikawa uwanja wa mazoezi kwa jenomu ya binadamu. Faharisi ya h ya Brenner haina nafasi ya kuandika lolote kati ya haya.

Pia kuna jambo la mwenendo. Watafiti wa minyoo walikuwa na jarida lao lisilo rasmi tangu mwaka 1975, ambamo waliambizana matokeo kabla ya kuchapisha, na hifadhi ya koo za minyoo iliyopo Minnesota huwapelekea watafiti popote walipo. Utamaduni huo wa kugawana ulianzia katika chumba kidogo cha Cambridge ambamo kila aliyefika alipewa minyoo na swali lake, akaondoka nayo kwenda kuanzisha maabara yake. Mkuu wa maabara ambaye angetaka jina lake kwenye kila makala angepata orodha ndefu zaidi na, naamini, warithi wachache zaidi.

Brenner hakuwa hodari katika kila jambo. Uongozi wa maabara ya Cambridge, aliokuwa nao kuanzia 1979 hadi 1986, haukumfurahisha, na ulimi wake mkali uliwaudhi wengi. Baadaye alimgeukia samaki bunju, ambaye jenomu yake ni ndogo kuliko ya binadamu takriban mara saba na nusu ingawa jeni zake zinafanana nazo kwa kiasi kikubwa, akimtumia kama njia ya mkato ya kutafuta jeni. Akaisaidia Singapore kujenga taasisi yake ya biolojia ya molekuli katika miaka ya 1980, na kuongoza taasisi mpya ya sayansi huko Okinawa, Japani. Alifariki Singapore tarehe 5 Aprili 2019 akiwa na umri wa miaka 92.

Swali lililomfanya auchague mnyoo, yaani jinsi jeni zinavyojenga mfumo wa neva na jinsi mfumo huo unavyozaa tabia, limejibiwa nusu tu. Ramani ya neuroni 302 ipo kwa karibu miaka 40, na bado haitoshi kutabiri mnyoo utageukia wapi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walizisisimua neuroni za mnyoo moja baada ya nyingine na kupima zipi nyingine zinaitikia, wakakuta kwamba mwitikio mara nyingi hautii nyuzi zilizochorwa mwaka 1986, kwa kuwa sehemu ya mawasiliano hupita kwa kemikali zinazosambaa nje ya viungio vya neva. Mwaka huo huo kundi jingine, lenye watafiti wa maabara ile ile ya Cambridge, lilichapisha ramani ya pili ya mnyoo, safari hii ikiwa ya njia za kemikali hizo, na sasa kazi ni kuzisoma ramani mbili kwa pamoja.